Kipima mvua hakihitaji umeme wa soketi

Muhula uliopita nilialikwa kutazama kazi za chama cha sayansi katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja. Wanafunzi walikuwa wameunda kifaa cha kielektroniki cha kupima mvua na unyevunyevu wa udongo, wakakisimamisha katikati ya shamba la sukumawiki. Kazi ilinivutia mno, hadi macho yangu yalipoufuata waya. Ulitoka kwenye soketi ya maabara, ukapita dirishani, ukalala majanini, na pale ulipoungwa ulikuwa umezungushiwa selotepu ya kufungia karatasi. Humo mlikuwa na volti 240. Nilimnong'onezea mwalimu, akanijibu kwamba wangeurekebisha baadaye. Nami nikanyamaza, kosa ambalo silikani.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha, na msichana aliyekwenda kusoma vipimo akarushwa na umeme. Alinusurika, ila kiganja kiliungua. Mwalimu mkuu naye akaamuru vifaa vyote vya aina hiyo ving'olewe, na chama kisivirudie tena.

Amri hiyo siiungi mkono, ingawa naielewa hofu iliyoizaa. Kilichomuumiza mtoto yule si kipima mvua, bali ni namna kilivyopewa nguvu. Kifaa chenyewe hakitaki zaidi ya volti 5. Ngozi ikilowa, ukinzani wake hupungua, na makumi machache ya miliampea yakipita kifuani yanaweza kuuvuruga moyo. Ndiyo maana swichi za usalama, zile zinazokata umeme unapovuja, aghalabu hutengenezwa zikate kwenye miliampea 30. Kwa nini basi tupeleke shambani nguvu kubwa kiasi hicho, ilhali kifaa hakiihitaji?

Wanachama walijitetea kwamba betri ilikuwa ikiisha kabla ya siku kwisha. Walisema kweli, lakini hesabu yao iliishia njiani. Tuseme kifaa kinakula miliampea 150 kikiwa macho. Betri ya miliampea-saa 2,000 itakimudu kwa muda wa saa 13 tu. Sasa kiamrishwe kulala, kiamke kila baada ya dakika 15, kipime na kutuma habari kwa sekunde 5, kisha kilale tena. Kitaamka mara 96 kwa siku, yaani dakika 8 kwa jumla, na kitatumia takriban miliampea-saa 20. Betri ile ile ingekaribia siku 100! Hata tukiondoa kinachopotea kifaa kikiwa usingizini, paneli ya sola yenye ukubwa wa kiganja ingetosha kuijaza. Sijui somo gani la fizikia lingewakaa wanafunzi akilini kuliko hilo.

Hata hivyo, betri nayo si mwanasesere. Ya lithiamu, hasa iliyong'olewa katika simu au kompyuta kuukuu, huweza kuwaka moto nyaya zake zikigusana. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya chanya, na paneli isiunganishwe na betri moja kwa moja bali kupitia kidhibiti chaji. Betri nyingi za aina hiyo hazipaswi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45, na kisanduku cheusi kilichoachwa juani kule Lodwar au Garissa hupita kiwango hicho kwa urahisi. Kiwe cheupe, kikae kivulini chini ya paneli. Nyaya ziingilie upande wa chini, zikining'inia kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje. Mvua ya radi ikikaribia, jambo la kawaida Kakamega na Kisii, pasiwe na mtu wa kukikaribia kifaa.

Palipo lazima kutumia umeme wa soketi, adapta ibaki ndani ya chumba pakavu, nao waya unaotoka nje ubebe volti 5 au 12 pekee. Adapta hiyo isiwe ile ya bei ya kutupa inayouzwa kando ya barabara, maana baadhi yake hazitenganishi ipasavyo umeme mkubwa na mdogo.

Namsihi mwalimu mkuu yule aibatilishe amri yake. Siku kifaa kitakaporudishwa shambani, ningependa msichana yule akifungue kisanduku mwenyewe, baada ya kuonyeshwa kwa voltimita kwamba humo hamna umeme wa kumrusha.