Tovuti Nyingi Chini ya Paa Moja: Je, Msingi Unastahimili?

Dominika tarehe 12 Mei 2024, Mama Kanisa alipokuwa anaadhimisha Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwemo. Nyaya zilitengenezwa na mawasiliano yakarejea, lakini tukio hilo limetuachia swali ambalo kila taasisi yenye tovuti inapaswa kujiuliza: tovuti yetu inakaa wapi, nani anaitunza, nayo inahitaji nini ili isimame?

Swali hili lina uzito wa pekee pale majimbo, mashirika na shule zinapotafakari namna ya kukusanya tovuti zao nyingi katika mfumo mmoja. Njia inayopendekezwa mara nyingi ni programu ya WordPress, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo ni huria, yaani hailipiwi leseni. Tangu toleo la 3.0 la mwezi Juni 2010, programu hiyo ina uwezo wa kuendesha tovuti nyingi ikiwa imesimikwa mara moja tu. Jimbo, parokia zake, seminari na zahanati zinaweza kila moja kuwa na tovuti yake yenye anwani na wahariri wake, huku zote zikitumia seva moja na hifadhidata moja.

Faida zake ni bayana. Programu inaboreshwa mara moja kwa ajili ya wote badala ya kila parokia kuhangaika peke yake. Parokia ya pembezoni isiyo na mtaalamu inapata tovuti yenye hadhi sawa na ile ya kanisa kuu. Hata hivyo, wahenga walisema rahisi inaghali. Programu ni bure, lakini mahali pa kuihifadhi na mkono wa kuitunza si bure.

Tuanze na seva yenyewe. Watayarishaji wa WordPress wanapendekeza lugha ya PHP toleo la 8.3 au la juu zaidi, hifadhidata ya MySQL 8.0 au MariaDB 10.6 na kuendelea, pamoja na mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji. Kwa tovuti moja, programu hujiwekea kumbukumbu ya megabaiti 40 kwa kila ombi. Kwa mtandao wa tovuti nyingi, 64. Hicho ni kiwango cha kuanzia tu, kwani kila kiongezi kinachowekwa hudai sehemu yake. Vifurushi vya bei ya chini, ambamo wateja wengi hugawana seva moja, huweza kuelemewa hasa siku ambayo waamini wengi hufungua tovuti kwa wakati mmoja, kama vile Juma Kuu au siku ya kutangazwa kwa uteuzi wa Askofu.

Jambo la pili ni anwani. Tovuti za ndani zinaweza kufuata mkwaju baada ya anwani ya jimbo, au kila parokia ikatanguliza jina lake mbele ya anwani hiyo. Njia hii ya pili inaitaka kampuni inayohifadhi tovuti ikubali rekodi ya jumla, inayoandikwa kwa alama ya nyota, ili kila jina jipya lifike kwenye seva ile ile. Si kila kifurushi kinaruhusu jambo hili. Liulizwe kabla ya kulipa. Inahitajika pia hati ya usalama inayofunika majina yote. Tangu Machi 2018, Let's Encrypt hutoa hati za namna hiyo bila malipo, lakini hudumu siku 90, hivyo lazima uwepo utaratibu wa kuzihuisha. Uamuzi kuhusu anwani ufanyike mapema: WordPress ambayo imekwisha kutumika kwa zaidi ya mwezi mmoja kwa kawaida hairuhusu tena njia ya mkwaju, kwa kuhofia anwani mpya zigongane na za zamani.

Tatu ni hifadhidata. Tovuti moja ya WordPress huanza na majedwali 12, na kila tovuti inayoongezwa huleta mengine 10. Jimbo lenye tovuti 50 litakuwa na majedwali zaidi ya 500 katika hifadhidata moja. Mashine inaweza kuyabeba, lakini kunakili, kurejesha na kuhamisha data huwa kazi ya kitaalamu. Parokia ikitaka kujitegemea baadaye, kuitoa humo si sawa na kuhamisha kiti kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Orodha ya watumiaji ni moja kwa mtandao mzima, na msimamizi mkuu ndiye mwenye uwezo wa kusimika viongezi na kufungua au kufuta tovuti yoyote. Nywila yake ikiibwa, zinaanguka tovuti zote. Kiongezi kimoja chenye kasoro kinaweza kunyamazisha parokia 50 kwa saa ile ile. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatufundisha kanuni ya auni: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya yenyewe, kubwa isiipokonye, bali iisaidie. Mfumo huu unaweza kuheshimu kanuni hiyo, iwapo kila parokia itabaki na wahariri wake na uhuru wa kuchapisha habari zake. Unaweza pia kuikiuka, iwapo kila tangazo la kigango litasubiri ridhaa ya mtu mmoja aliye mbali.

Tena, yapo mambo yasiyo katika uwezo wetu. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi zilizimika, na baadhi ya wateja walipoteza data zao moja kwa moja kwa kuwa nakala rudufu hazikuwa zimehifadhiwa mbali. Septemba 2024, mgogoro kati ya WordPress.org na kampuni ya WP Engine uliwafanya wateja wa kampuni hiyo washindwe kwa muda kupata maboresho kwa njia ya kawaida, hadi mahakama nchini Marekani ilipotoa amri ya muda mwezi Desemba. Hivyo nakala rudufu zikae mahali pengine, kwa mtoa huduma mwingine, na zijaribiwe kurejeshwa. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Hatimaye kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinagusa pia usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi. Fomu ya kuandikisha watoto wa Komunyo ya Kwanza ikijazwa kwenye tovuti ambayo seva yake iko ughaibuni, hilo tayari ni jambo la kisheria. Wazazi wanaoandika jina na namba ya simu wametuamini, nasi tutawajibika kwa imani hiyo.

Kwa mtazamo wetu, kuunganisha tovuti ni hatua njema kwa taasisi iliyo tayari kuajiri au kuandaa angalau watu wawili wenye ujuzi, kutenga fedha za kila mwaka na kusajili anwani kwa jina la taasisi yenyewe, si kwa jina la fundi. Mahali ambapo masharti haya hayajatimia, ni afadhali tovuti chache, ndogo na zinazotunzwa vema. Halmashauri za walei na kamati za mawasiliano ziweke suala hili mezani kabla ya mkataba kusainiwa, na swali la kwanza liwe: fundi wetu akiondoka kesho, nani ana funguo?