Kabla hujamalizia pesa ya fundi wa tovuti, muulize swali hili

Wapambanaji wenzangu, leo naongea la moyoni.

Mwaka jana mteja alinipigia usiku. "Dada, nimefungua oda yangu kwenye tovuti yako, nikabadilisha namba ya mwisho kwenye ile anwani ya juu, nikaona oda ya mtu mwingine. Jina, simu, mpaka nyumba anayokaa." Nikajaribu mwenyewe. Kweli, ikafunguka. Nguvu ziliniisha.

Fundi akanijibu, "Nani atakaa kubadilisha namba?" Jamani, si mteja ameshabadilisha!

Nilifunga tovuti siku nne, nikawapigia wateja kuwaeleza. Wawili hawakurudi mpaka leo.

Mimi nimeishia kidato cha nne, kompyuta sijasomea. Nikaanza kuperuzi usiku, ndipo nikakutana na OWASP. Ni jumuiya iliyoanza Marekani mwaka 2001, inahusika na usalama wa programu za mtandaoni. Yeyote anaweza kushiriki, na orodha na miongozo yao ni bure. Tangu 2003 wanatoa orodha ya hatari kumi kubwa. Kwenye ile ya 2021, namba moja ni mfumo kushindwa kumzuia mtu asifikie visivyo vyake. Yaani kosa langu lile lile! Na dawa imeandikwa: kila oda inapofunguliwa, mfumo uhakikishe anayeifungua ndiye mwenyewe.

Wana hata duka la mfano linaitwa Juice Shop. Limejengwa na matundu makusudi, mafundi wajifunze kuyagundua na kuyaziba bila kumuumiza mtu.

Wapo wanaosema kuandika makosa hadharani ni kuwafundisha wezi. Sikubali. Mwizi ameshajua zamani, asiyejua ni mimi na wewe. Sisi tukiingiliwa tunanyamaza, tunaogopa wateja watakimbia. Kesho mwenzako anapigwa kwa tundu lile lile. Wale wamefanya kinyume: kosa la mmoja linakuwa somo la wote.

Sasa wewe fanya hivi:

1. Fungua akaunti mbili kwenye duka LAKO. Weka oda kwa akaunti ya kwanza, kisha jaribu kuifungua ukiwa na ya pili. Ikifunguka, una shida. Duka la mtu usiliguse bila ruhusa yake.

2. Muulize fundi: "Umepima tovuti yangu kwa orodha ya OWASP? Nionyeshe." Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

3. Malipo ya mwisho yasubiri hilo jibu. Mkubaliane hivyo tangu mwanzo, sio mwishoni.

Orodha peke yake hailindi duka, lazima mtu aifanyie kazi. Lakini kusema hatukujua, wakati maarifa yapo bure, mimi naona ni kumkosea mteja aliyetuamini na namba yake.

Na kama lilishakukuta, simulia. Utamwokoa mwenzako.