Kura ya Ladha na Haki ya Mlaji

Imeenea dhana, na aghalabu husemwa na watu wenye akili zao timamu, kwamba kampuni inapowataka wanunuzi wapige kura kuchagua ladha mpya ya krispi au biskuti huwa imewakabidhi ufunguo wa jiko lake, na kwamba kitakachotoka humo ni chaguo la umma. Dhana hii ni batili, nami naipinga kwa sababu inamnyang'anya mlaji haki aliyokuwa nayo tangu zamani.

Tuutazame mfano ulio mashuhuri. Mwaka 2008 kampuni ya Walkers ya Uingereza, iliyo mali ya PepsiCo ya Marekani, iliwaalika watu wabuni ladha za krispi, na mtungaji wa ile itakayoshinda akaahidiwa pauni 50,000 pamoja na asilimia 1 ya mauzo yatakayofuata. Yakamiminika mapendekezo zaidi ya milioni 1. Lakini walioyachuja hata zikabaki ladha 6 walikuwa majaji walioteuliwa na kampuni, na umma ukaitwa kupiga kura baada ya kazi kubwa kwisha. Mwaka 2009 ikashinda Builder's Breakfast, yenye kuiga staftahi ya Kiingereza, na mwaka 2010 kampuni ikaiondoa sokoni. Mshindi halali akauzuliwa, na waliomchagua wasiulizwe neno! Ilhali muda wote ule wa kura watu walikuwa wakinunua paketi ili waonje kabla ya kuamua, basi faida ya kampuni ilikwisha kupatikana kabla ya kura kuhesabiwa.

Watanijibu baadhi kuwa hapana aliyeshurutishwa, na kwamba huo ni mchezo tu. Ungelikuwa mchezo usingelitangazwa kuwa ni ridhaa ya umma. Maana ladha ikishapigwa muhuri wa kura, anayeilalamikia huambiwa kuwa ndiyo waliyoitaka wengi, na mlango wa malalamiko hufungwa.

Haki ya zamani niliyoitaja ni hii: hapa Paje, Unguja, ikifika alasiri, mama auzaye bajia za kunde huketi na karai lake mbele ya wateja wake. Kunde zimerowekwa tangu usiku, zikamenywa maganda, zikasagwa pamoja na thomu na pilipili mbichi, na pembeni ipo chatini ya nazi iliyokamuliwa ndimu. Mteja huuma moja papo hapo akasema, "Mama, chatini leo haina ukali," na asemalo husikiwa na wote waliosimama pale, na kesho yake chatini huwa kali. Isipokuwa kali, siku mbili tatu hazipiti sinia likaanza kurudi nyumbani limejaa. Hapo mlaji ana amri, kwa sababu anahukumu kitu alichokwisha kukionja, kila siku, na aliyekipika yupo na hana budi kumsikiliza.

Kampuni inayoitamani kwa dhati rai ya walaji wa Unguja na ianze kwa kuandika, kabla ya kura ya kwanza kupigwa, nani atakayeteua ladha za kushindaniwa, nani atakayehesabu, na mshindi atauzwa kwa muda gani. Madhali hayo hayajaandikwa, mimi paketi yake siinunui, wala kura yake siipigi.