Ghala Ndilo Lililoleta Kalamu

Ndugu wanachama, bado wako wasemao kuwa ustaarabu tuliletewa kwa meli. Waende Engaruka wakaone mifereji na matuta ya mawe waliyojenga wazee wetu tangu karne ya 15 hivi, bila bwana shamba kutoka Ulaya. Na mtama ulianza kulimwa Sudani, yapata miaka 5,000 iliyopita.

Kabla ya jembe binadamu aliwinda na kuchimba mizizi, kama wafanyavyo hata leo baadhi ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, nasi twakosa tunapowacheka. Alipopanda nafaka alilazimika kukaa, akajenga ghala. Ghala likataka mlinzi, mlinzi akataka mkuu, mkuu akataka karani. Maandishi ya zamani kabisa ya Uruk, katika nchi ya Iraki, mengi ni hesabu: shayiri iliyoingia, posho iliyotoka.

Sisi wa Turiani twalima mpunga na miwa, lakini aandikaye uzito ni mnunuzi peke yake. Twataka kila tawi liwe na daftari lake penye mizani, na asiyejua kusoma afundishwe kabla ya mavuno.