Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Husemwa kwamba Mlimani City, lile jumba la maduka lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2006, ni alama ya maendeleo yetu. Maendeleo ya nani?

Jumba lile limejengwa katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ardhi iliyotengwa kwa ajili ya elimu. Ilikodishwa kwa miaka mingi kwa kampuni yenye asili ya Botswana, wakaingia wapangaji wakubwa wa Afrika Kusini, Shoprite na Game. Tukashangilia. Mwaka 2014 Shoprite iliyauzia Nakumatt ya Kenya maduka yake nchini. Nakumatt nayo ikafilisika. Game ikafunga mwaka 2022. Wageni wamekuja, wageni wamekwenda. Je, mwenyeji amepona?

Sipingi biashara. Chuo hakiwezi kuishi kwa ruzuku ya serikali peke yake, na kodi ya pango ni haki yake. Ninachopinga ni kipimo chetu. Tunahesabu maduka, taa na magari, vitabu hatuhesabu. Mimi nimefundisha walimu wanafunzi wanne kwa kitabu kimoja. Thamani ya shilingi ya pango naijua.

Duka likifungwa, jingine hufunguliwa. Ardhi ya shule ikishaachiliwa, hairudi upesi mikononi mwa kizazi kilichoiachia. Basi kila shilingi ya pango na ionekane maktabani na darasani. La sivyo, tumekodisha shamba, tukabaki kandokando tukisifu magari ya wanaokwenda kuvuna.