Neno "Maskini" Darasani

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya ukanda wa dhahabu, tulimsikia mwanachuo akifafanua neno "umaskini". Aliandika ubaoni: umaskini ni ufukara. Kisha akawaelekezea kidole watoto wawili ambao wazazi wao huponda mawe machimboni, akasema, "Kama hawa." Darasa likacheka. Wale wawili hawakunyosha mkono tena.

Kosa hili si la adabu tu, bali ni la mbinu pia. Neno la namna hii halifundishwi kwa kisawe, wala kwa kidole.

Hebu tutazame safari ya maneno. Kutokana na neno la Kilatini "paupertas", yaani hali ya mwenye kidogo, Waitalia wanasema "povertà" na Wafaransa "pauvreté". Maneno hayo hayakwenda mbali na asili yake. "Maskini" letu tulilipata kwa Waarabu, na shina lake limo katika Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli, ambamo sheria za Hammurabi zililitumia kumtaja mtu wa tabaka lililo chini ya mwungwana. Neno hilohilo la Kiarabu lilivuka pia hadi Ulaya. Leo "mezquino" wa Kihispania ni bahili, na "mesquin" wa Kifaransa ni mwenye roho ndogo. Neno lililoanza kwa kutaja hali limeishia kuhukumu tabia.

Nasi tusijidhani salama. Wahenga walisema, "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba." Kuanzia Geita hata Kahama, mtoto wa mchimbaji mdogo haelezwi maana ya methali hiyo, anaijua.

Kwa hiyo tunashauri mwalimu aanze na hali kabla ya jina: nani amekosa nini, na kwa sababu gani? Kisha watoto walete neno la Kisukuma watumialo nyumbani, walilinganishe na maskini, fukara na mkata, na waulizwe: lipi linahurumia, na lipi linadharau?

Huenda wengine wakasema kwamba habari za Babeli ni mzigo kwa mtoto wa darasa la tano. Ni kweli, mzigo huo ni wa mwalimu, ili ajue uzito wa neno kabla ya kulitamka.

Taifa letu, lilipopata Uhuru mwaka 1961, lilitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Adui aliyetajwa ni umaskini, maskini hakutajwa.