Anayeshika Mpini Ndiye Achague Koili



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali hili zaidi ya mara moja: je, mfuko wetu wa akiba na mikopo uendelee kuwakopesha wanachama fedha za kununua mashine za kutafutia dhahabu? Swali hili si la mchezo. Kiwanda cha sukari kinapofungwa kwa matengenezo, wakata miwa wengi hukaa bila kazi, na vijana huondoka kwenda machimboni. Wapo wazee wa tawi waliosema mikopo ya namna hiyo ikomeshwe kabisa, kwa sababu fedha imepotea. Sisi hatukubaliani nao. Fedha ilipotea kweli, lakini ilipotelea kwenye jambo ambalo lingeweza kuzuiwa, na jambo lenyewe ni upana wa sahani.

Wenzetu wanane wa shamba moja la miwa upande wa Busoga walikopa pamoja. Walikwenda mjini kwa mfanyabiashara, naye akawaonyesha mashine yenye koili, yaani ile sahani ya mwisho wa fimbo inayopitishwa juu ya ardhi. Koili iliyokuja na mashine ilikuwa ndogo. Akawaambia hiyo ni ya watoto, akatoa nyingine ya inchi 15, akasema hii inaona hadi kina cha kiuno cha mtu mzima. Wakaongeza fedha, wakaichukua, na ile ndogo wakamwachia. Baada ya miezi miwili walirudi na misumari, vifuniko vya chupa na kipande cha jembe. Deni bado linakatwa kwenye mshahara wao mpaka leo.

Na tuseme ukweli wote. Halmashauri ndiyo iliyotia sahihi mkopo ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuishika mashine hiyo. Tuliona kitu kikubwa, tukadhani ni kitu bora.

Sasa tumejifunza, na tunataka kila mwanachama aelewe. Ndani ya koili mna waya wa shaba uliozungushwa. Umeme ukipita humo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta chuma, shaba au dhahabu, kitu hicho hujibu, na mashine hulia. Koili pana hupeleka nguvu yake mbali zaidi, hapo mfanyabiashara hakusema uongo. Lakini nguvu hiyo huwa imetawanyika mahali papana, na kitu kidogo kikijibu, jibu lake ni hafifu mno, halisikiki. Koili ndogo ya inchi 6 au 8 haifiki mbali, ila nguvu yake imekusanyika, na chembe ndogo iliyo karibu huisikia. Tena nguvu ya sumaku hupungua upesi sana kadiri unavyokwenda chini. Ukinunua koili ya upana mara mbili hupati kina mara mbili.

Mtu wa ziwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Wavu wa sangara haunasi dagaa, hata uwe mrefu namna gani. Na ndugu zetu wa viwanda vya chakula wanalijua kwa njia yao. Ile mashine ya kukagua vyuma, ambayo bidhaa hupita katikati yake juu ya mkanda, tundu lake likiwa kubwa kupita mahitaji ya mfuko, vipande vidogo vya chuma hupita bila kuonekana. Fundi mwenye akili huchagua tundu linalotosha mfuko tu.

Basi swali la kwanza kabla ya kufungua mkoba ni hili: huko tunakokwenda kuna dhahabu ya namna gani? Kwenye machimbo ya upande wa Busia wachimbaji huponda mawe na kuosha unga wake, kwa kuwa dhahabu imo ndani ya mwamba. Dhahabu ya unga haionekani kwa mashine hizi, iwe koili ya inchi 6 au ya inchi 18. Hapo mkopo wa mashine ni fedha ya kutupa, heri mtu anunue karai na nyundo. Mashine ina maana pale watu wanapookota vipande, na vipande vingi vinavyookotwa ni vidogo na haviko chini sana. Kwa hivyo koili ya kawaida, inchi 8 hadi 11, ndiyo ya kuanzia, na ndogo zaidi ikiwezekana kwa ajili ya kingo za mitaro, kati ya mawe na kwenye mizizi, ambako koili pana haiingii.

Jambo la pili ni udongo. Udongo wetu mwekundu una madini mengi ya chuma. Koili pana huona udongo mwingi kwa mara moja, na mashine hulia ovyo, hata mshikaji hajui kilio kipi ni cha dhahabu. Zipo koili ambazo waya zake zimepangwa kama herufi D mbili zilizopeana mgongo. Hizo huvumilia udongo wa namna hii vizuri zaidi. Muuzaji akiulizwa habari ya D mbili akaanza kucheka, ondokeni dukani kwake. Tena mahali palipokaliwa na watu pana takataka: kopo, msumari, ganda la risasi. Koili pana huvipata vitu viwili au vitatu pamoja na kutoa sauti moja, wakati ndogo huvitenganisha.

Jambo la tatu halimo kwenye maelezo ya muuzaji hata kidogo, nalo ni bega. Koili kubwa huweza kukaribia uzito wa kilo moja, na uzito huo uko mwisho wa fimbo, si mkononi. Punga fimbo hiyo kushoto na kulia kuanzia asubuhi hadi saa tisa, kisha utuambie. Mmoja wa wale wanane aliporudi kwenye miwa hakuweza kuinua panga kwa wiki nzima. Na mtu aliyechoka huinua koili juu ya ardhi badala ya kuipitisha karibu nayo, kwa hiyo kile kina alichokilipia anakipoteza hewani.

Hatusemi koili kubwa haina kazi. Katika kutegua mabomu yaliyobaki baada ya vita, mafundi hutumia vitanzi vipana kutafuta mabomu makubwa yaliyozama chini, kwa sababu ni chuma kingi mahali pamoja. Lakini kwa mabomu madogo ya plastiki, yenye chuma kidogo tu ndani yake, mtu hupiga magoti na koili ya kadiri, akisogea kidogo kidogo. Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Mfanyakazi aliyekosea chombo huko hakupoteza mkopo, alipoteza mguu.

Tunakuja kwenye jambo linalotuudhi zaidi. Siku hizi kuna matajiri wanaonunua mashine na kuwapa vijana wetu watafute, kisha hugawana nao. Tajiri ndiye anayechagua koili, na huchagua kubwa, kwa kuwa anataka eneo pana limalizike upesi. Kijana akirudi mikono mitupu huambiwa ni mvivu, au huambiwa ameficha. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo cha kutafutia risasi mwilini. Daktari mkuu alikuwa amekwisha amua kwamba risasi iko kulia, akamruhusu Bell apekue upande huo tu. Risasi ilikuwa kushoto. Mwenye kushika chombo hakupewa nafasi ya kuchagua, na mgonjwa akafa.

Wapo watakaosema koili ndogo inachelewesha kazi. Ni kweli, inahitaji mizunguko mingi zaidi. Lakini kupita haraka juu ya dhahabu usiyoiona si kazi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwenye mkutano ujao wa matawi: mkopo usitolewe mpaka wale watakaoishika mashine wawe wameijaribu juu ya udongo wenyewe, kwa kufukia kipande kidogo cha risasi ya kuvulia samaki na kuona kama kinasikika. Koili iliyokuja na mashine isiachwe dukani. Na mwanachama anayemfanyia kazi tajiri adai, kabla ya kuanza, haki ya kubadili koili na ya kupumzika kwa zamu.

Ile ya inchi 15 iko ofisini kwa katibu, juu ya kabati. Tulijaribu kuwauzia wenzetu wa tawi jingine ikashindikana, maana plagi yake haiingii kwenye mashine yao. Mwenye mashine ya aina ileile aje aitazame, na aje na wale watakaoibeba.